Kalenda Kwanza, Tamthilia Baadaye: Kuandaa Msimu wa Maigizo Kati ya Nakuru na Kisumu

Vikundi vingi vya maigizo kanda hii huanza kupanga msimu kwa kubishania tamthilia. Mmoja anataka vichekesho, mwingine anataka tanzia, na mwandishi wa kikundi ana hati mpya aliyoikeshea. Wakishapatana ndipo mtu anakumbuka kwenda kuulizia ukumbi, na wakati huo Jumapili zote nzuri zimeshikwa na makanisa na harusi. Mambo tuliyojifunza katika kazi hii yanaelekea njia nyingine: anza na kalenda, halafu ukumbi, halafu hesabu ya pesa, na tamthilia zichaguliwe kujaza nafasi zilizopatikana. Inamuuma anayeipenda hati fulani, lakini hati nzuri inaweza kungoja mwaka mwingine. Jumapili ya Juni ikishapita haingoji.

Chukua karatasi kubwa, uchore miezi 12, na uanze kwa kukata. Januari ni mwezi wa karo, mifuko mitupu. Februari na Machi huonekana wazi, ila ndio wakati shule zinaandaa tamasha la drama, ambalo hupanda ngazi kwa ngazi hadi la kitaifa mwezi wa Aprili. Waongozaji na waigizaji wengi wazuri huajiriwa na shule kufunza wanafunzi miezi hiyo, kwa hiyo ukiweka onyesho kubwa Machi utalifanya na nusu ya kikundi. Machi hadi Mei mvua za masika zipo juu ya mabati. Juni na Julai ndiyo miezi ya kazi: muhula wa pili umetulia, barabara zimekauka, watu wana nafasi. Agosti ni likizo, nzuri kwa maonyesho ya familia mjini, lakini ukielekea Bungoma angalia mwaka. Kwa Wabukusu, Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama 2026, ni ya tohara, na wikendi zote zina wenyewe. Septemba hadi katikati ya Oktoba shule hutaka marudio ya mwisho ya setibuku, vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa, kabla ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Desemba watu wa Nakuru wenye asili ya magharibi wanakwenda nyumbani, kwa hiyo onyesho la Desemba liwafuate Kakamega au Bungoma. Weka pia bajeti ya nauli iliyopanda.

Kisha angalia siku za wiki. Kisumu na magharibi yote, Jumamosi ni siku ya mazishi. Mtu uliyemuuzia tikiti Jumatano anaweza kupata habari ya msiba Alhamisi, na hutamwona, wala hana kosa. Jumapili saa tisa alasiri hujaza viti kuliko Jumamosi. Nakuru Jumamosi jioni inafaa, mradi onyesho liishe kabla ya saa mbili usiku, maana mtazamaji wa Njoro au Bahati anawaza matatu ya mwisho kuliko anavyowaza kilele cha hadithi yako. Akianza kutazama simu kila dakika, onyesho limekwisha kwake hata kama pazia liko wazi.

Kuhusu setibuku kuna jambo ambalo kila kikundi kinachozitegemea kinapaswa kuliandika ukutani. Wanafunzi wa mwisho wa 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu, waliingia kidato cha kwanza mwaka 2024, na watafanya KCSE mwaka 2027. Maana yake, mwaka 2026 shule zina kidato cha tatu na cha nne pekee kwa upande wa mfumo wa zamani, na 2027 watabaki kidato cha nne tu. Soko lililolisha waigizaji wa kanda hii kwa miaka mingi linapungua mbele ya macho yetu, na kuna tarehe linapofungwa. Upande wa pili, Gredi ya 10 ya mfumo mpya ilianza Januari 2026, na mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari pevu una somo la maigizo na filamu. Wanafunzi hawa hawatatosheka na kutazama tu. Wanataka kuona taa zinavyofungwa, kuuliza mwongozaji maswali, kushika hati. Kwa hiyo onyesho la shule lipangwe liwe na saa moja na nusu ya kuigiza na dakika 40 za warsha, na bei ya warsha iwekwe wazi kwenye barua ya kwanza. Kikundi kitakachojenga uhusiano na walimu wa somo hilo sasa kitakuwa na kazi setibuku zitakapokwisha.

Kabla ya kutangaza jina la tamthilia yoyote, pata ruhusa kwa maandishi. Kwa sheria ya Kenya kazi ya fasihi hulindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Francis Imbuga, mwana wa Maragoli, alifariki 2012. Tamthilia zake zinalindwa hadi mwisho wa 2062, na kuwa mtu wa nyumbani hakukupi ruhusa ya bure. Shakespeare ni huru tangu zamani, lakini ukitumia tafsiri ya Kiswahili ya Julius Nyerere, aliyefariki 1999, tafsiri hiyo bado inalindwa. Ibsen vilevile, alifariki 1906 na maandishi yake ya Kinorwe hayana mwenyewe, ila kila tafsiri ina tarehe zake. Barua ya kuomba ruhusa itaje idadi ya maonyesho, miji, ukubwa wa kumbi na bei ya tikiti, maana ndivyo mchapishaji anavyopiga hesabu ya malipo. Itume miezi 4 kabla. Ukitaka kupunguza wahusika au kukata sehemu nzima ya hati, liombe hilo pia. Ruhusa ya kuigiza si ruhusa ya kubadilisha. Na hati ya mwandishi wenu wenyewe isajiliwe na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kabla ya mazoezi, ili siku ikipendwa asiwe anakimbizana na watu.

Idadi ya waigizaji ndiyo inayoamua kama msimu utasafiri. Matatu ya viti 14 inabeba dereva, waigizaji 8, mafundi 3, na viti viwili vinabaki kwa maleba. Msimu wa michezo minne kwa watu 8 wa kudumu unawezekana kama hakuna mchezo unaohitaji zaidi ya watu 6 jukwaani kwa wakati mmoja. Wawili wanaobaki wanajifunza nafasi za wenzao. Tusidanganyane hapa: katika miezi minane mtu atapata kazi ya kudumu, mwingine atajifungua, mwingine ataitwa kwenye filamu. Asiye na mbadala aliyekwisha kusimama mazoezini angalau mara tatu atafuta onyesho.

Mchanganyiko unaotuletea watu ni huu: mmoja wa setibuku au wa shule, mmoja wa vichekesho vya nyumbani, mmoja mpya kutoka kwa mwandishi wa kanda, na mmoja mzito ambao kikundi kinauamini hata kama hautajaza ukumbi. Huo mzito usiwe wa kwanza wala wa mwisho. Wa kwanza ukianguka unakula pesa za yote yanayofuata, na wa mwisho ndio watu watakaoukumbuka mkirudi mwaka ujao kuwauzia tikiti.

Ukumbi sasa. Nenda mwenyewe, siku ya kazi mtunza ukumbi akiwepo, ukiwa na tepu ya mita 30, tochi, testa ya stima na daftari. Usitosheke na picha za simu. Pima upana wa jukwaa, kina chake, na urefu kutoka sakafu ya jukwaa hadi boriti ya kwanza. Kumbi nyingi za jamii huku kwetu zilijengwa kwa mikutano: jukwaa ni la zege, limeinuka futi 3, halina mbawa za pembeni, na lina mlango mmoja tu wa nyuma, upande wa kushoto au wa kulia. Hilo la mlango ndilo linaloharibu michezo. Mwigizaji akitoka upande usio na mlango hana pa kujificha. Kama mwongozaji ameandika atokee kulia na arudi kushoto, itabidi ashuke, azunguke jengo lote kwa nje, na aingie tena. Tembea njia hiyo mwenyewe kwa mwendo wa haraka, saa mkononi. Ikiwa ni sekunde 50, basi hati lazima impe sekunde 60 za mazungumzo ya wengine. Mvua ikinyesha atarudi amelowa, na mhusika wake alikuwa chumbani tu. Dawa ni pazia jeusi la nyuma linaloning'inia sentimita 80 kutoka ukutani, lenye nafasi ya mtu kupita ubavu. Unapoteza karibu mita moja ya kina cha jukwaa, lakini umepata korido.

Vipimo hivyo vikishajulikana, vichore kwa masking tepu kwenye sakafu ya mahali pa mazoezi. Kikundi kinachofanya mazoezi kwenye uwanja wa mita 10 kikaingia jukwaa la mita 6 kitagongana siku ya kwanza, na mwigizaji aliyezoea hatua nne kufika mlangoni atafika kwa mbili akiwa bado na maneno mdomoni.

Pima pia mlango wa kupitishia mizigo. Fremu ya ukuta wa jukwaani, yaani mbao zilizovikwa kitambaa, ya futi 4 kwa 8 ni sentimita 122 kwa 244. Mlango wa kawaida una urefu wa sentimita 210 hivi, kwa hiyo fremu haipiti ikiwa wima. Inapita ikilazwa kwa ubavu, mradi nje ya mlango hakuna kona. Korido ikikata kona karibu, ile 244 haigeuki, na mtajikuta mnakata mbao saa tatu usiku. Sisi tunapendekeza fremu za futi 4 kwa 7 kwa msimu wa kusafiri. Jicho la mtazamaji haliulizi ile futi moja.

Fremu yenyewe ni rahisi na ya bei nafuu ikitengenezwa vizuri. Mbao za inchi 2 kwa 1 zilizokauka kabisa, maana mbao mbichi hupinda wiki ya tatu na ukuta wako unaanza kuonekana umelewa. Kona zishikwe kwa kipande cha plaiwudi cha pembetatu, ukubwa wa kiganja, gundi ya mbao na skrubu 6. Misumari hulegea kwenye lori. Juu yake vuta kitambaa cha merikani, ukianza kukipigilia katikati ya kila upande na kuelekea kwenye kona, la sivyo kitakunjamana. Paka mchanganyiko wa gundi nyeupe kipimo 1, maji vipimo 3 na rangi ya maji kidogo. Merikani ikikauka inajikaza kama ngozi ya ngoma na iko tayari kwa rangi. Usiipake ikiwa imelazwa juu ya sakafu ya vumbi, isimamishe. Fremu mbili ziungane kwa bolti zenye nati za masikio, ili zifungwe na kufunguliwa kwa mkono bila spana. Ukipanga vizuri, fremu 10 zilezile zinakuwa sebule, ofisi ya chifu, duka na baa katika michezo minne, kwa kubadilisha upande na rangi.

Stima inahitaji utulivu na kalamu. Soketi ya kawaida ni amp 13 kwa volti 240, yaani wati 3,120 kwa ukomo. Taa tatu za zamani za wati 1,000 zinafika 3,000, na kwa karatasi inaonekana sawa. Baada ya dakika 40 plagi inaanza kunuka. Weka mbili tu kwa soketi. Taa za LED za wati 150 zimetuokoa: kumi ni wati 1,500. Lakini kumbuka soketi nyingi za ukumbi huwa kwenye laini moja. Zima swichi moja kwenye boksi la stima, zunguka na testa uone soketi zipi zimekufa, uziwekee alama ya tepu ya rangi. Bila kazi hiyo ya dakika 20, mtu wa maleba atachomeka pasi ya wati 1,500 nyuma ya jukwaa dakika tano kabla ya kuanza, na ukumbi mzima utaingia giza. Spika na mikisa ziwe na laini yao mbali na taa zinazopunguzwa mwanga, vinginevyo utasikia mvumo katika kila kimya cha mchezo, na kimya ndicho kinachobeba michezo mizito.

Kama ukumbi una meta ya tokeni, uliza salio limebaki yuniti ngapi. Kilowati 3 kwa saa 3 ni yuniti 9, na ongeza 5 za kupanga taa mchana. Nunua tokeni asubuhi, si wakati wa mapumziko.

Jenereta ya kVA 5 inatoa wati 4,000 hivi kwa usalama. Iweke nje, mita 20 au zaidi kutoka madirishani, mahali upepo unapeleka moshi upande mwingine, na usiiongeze petroli ikiwa inanguruma. Kebo yake iwe ya milimita za mraba 2.5, na ifunguliwe yote kwenye gurudumu lake. Kebo iliyobaki imezungushwa hupata joto hadi plastiki inayeyuka, hata kama mzigo haujafika ukomo wa kebo. Tumeliona kosa hili kwa mafundi wenye uzoefu, kwa sababu ni rahisi kuvuta mita 10 unazohitaji na kuacha 40 zimejikunja.

Kwa ngozi zetu, taa ya LED ya bluu au nyeupe ya baridi ikitoka mbele moja kwa moja hufanya uso kuwa wa kijivu na macho kupotea. Weka taa mbili kwa kila eneo, moja kila upande, zikishuka kwa nyuzi 45 hivi, moja ya rangi ya kaharabu na nyingine nyeupe ya joto. Mashavu yanarudi, jasho la paji la uso linang'aa, na mtu wa safu ya mwisho anaona mhusika anafikiri. Onyesho la mchana lina adui mwingine: madirisha. Jua la Kisumu huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, kwa hiyo onyesho la saa tisa halina giza kamwe. Funika madirisha kwa kitambaa cheusi kizito. Nailoni nyeusi ya ujenzi ni ya bei ndogo, ila hupiga kelele upepo wa ziwa ukivuma na huufanya ukumbi kuwa tanuri. Hata kwa kitambaa, ukumbi uliofungwa Kisumu unachosha watu baada ya dakika 50. Weka mapumziko hapo na ufungue milango yote. Nakuru mwezi wa Julai shida ni kinyume: watu wamevaa makoti, wanakaa wamejikunyata, na kicheko kinachelewa kutoka. Fungua mchezo kwa sehemu yenye mwendo na sauti, utulivu uje baadaye.

Mvua ina sura yake. Kisumu msimu wa masika wingu hupanda alasiri, upepo unageuka ghafla, vumbi linaingia chini ya milango, halafu matone ya kwanza yanagonga mabati kama mtu anayemwaga mahindi kwenye karai. Ndani ya dakika moja mwigizaji anafumbua mdomo na hakuna kinachotoka. Silika yake itamwambia apige kelele. Mkataze tangu mazoezini, kwani atapoteza sauti na onyesho la kesho litakuwa la mtu aliyekaukwa na sauti. Kila mchezo uwe na mahali palipokubaliwa pa kusimama: meneja wa jukwaa anashusha taa hadi nusu, waigizaji wanabaki katika nafasi zao, na mmoja anaanzisha wimbo wenye kibwagizo ambacho watazamaji wanaweza kukipokea kwa makofi. Mvua ikipungua, mnarudi sentensi tatu nyuma ya pale mlipokatizwa. Ikipita dakika 15, meneja anatangaza mapumziko. Watazamaji wa kanda hii ni wavumilivu wakiona mlijiandaa. Wanaondoka wakiona mmebabaika. Nafasi ya wimbo huo ifanyiwe mazoezi kama sehemu nyingine yoyote ya hati.

Nyuma ya jukwaa weka meza moja, iliyofunikwa karatasi nyeupe. Kila kifaa cha jukwaani kiwekwe juu yake na kuzungushiwa mstari wa kalamu, jina lake ndani ya umbo: BARUA, KIBUYU, MIWANI YA MZEE, PANGA LA MBAO. Nusu saa kabla ya kuanza, meneja haulizi mtu yeyote kama vitu vipo. Anaangalia meza. Umbo tupu linampigia kelele. Mwigizaji akitoka jukwaani na barua mkononi anairudisha kwenye umbo lake kabla ya kunywa maji. Panga liwe la mbao iliyopakwa rangi ya fedha, hata kama mwongozaji anapenda mlio wa chuma, na lisisafirishwe kwenye begi la mtu. Vizuizi vya polisi ni vingi kati ya Nakuru na Kisumu, kilomita 185 hivi kwa njia ya Kericho, na maelezo huchukua muda.

Hati ya meneja nayo ina pambizo pana upande wa kulia. Kila badiliko la taa au sauti lina namba, na mstari wa penseli unaogusa neno lenyewe linaloanzisha badiliko. Chukulia mhusika anasema, "Basi mfungulieni." Mstari uguse "basi" kama fundi anahitaji sekunde kubonyeza, au "mfungulieni" kama taa zinawaka papo hapo. Tofauti hiyo ya nusu sekunde ndiyo inayofanya mlango uonekane umefunguka na mwanga ukaingia, badala ya mwanga kuingia na mlango kufuata. Andika kwa penseli, kwa sababu kila ukumbi utakulazimisha kusogeza.

Pesa. Piga hesabu kwa asilimia 40 ya viti, hata kama mwaka jana mlijaza. Tuchukue mfano, ubadilishe bei kwa zako. Ukumbi wa viti 300, tikiti shilingi 300: asilimia 40 ni watu 120, yaani 36,000 kwa onyesho, 72,000 kwa Jumamosi na Jumapili. Matumizi: ukumbi 20,000 kwa siku mbili, usafiri 18,000, chakula na malazi ya watu 12 kwa 1,000 kila siku ni 24,000, mafuta ya jenereta 4,000, mabango 5,000. Jumla 71,000. Shilingi 1,000 ndiyo itakayogawanywa kwa watu 12, na hakuna aliyekosea popote. Sasa punguza hadi watu 9: matumizi yanashuka hadi 65,000. Ongeza onyesho la shule Ijumaa asubuhi, wanafunzi 200 kwa 200 kila mmoja, ni 40,000, toa 10,000 ya ukumbi na 9,000 ya siku ya tatu. Zinabaki 28,000 kwa jumla, kama 3,100 kwa kila mtu. Bado ni kidogo kwa siku tatu za kazi na wiki sita za mazoezi, na ndiyo maana tunasisitiza maonyesho ya shule yapangwe kwanza na yale ya jioni yafuate. Shule zilipe nusu kabla na nusu mlangoni. Uliza mapema kama mhasibu atahitaji ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, kwa sababu malipo yanayosubiri karatasi yanaweza kusubiri muhula mzima.

Mazoezi yanahitaji wiki 6, jioni 4 kwa wiki, saa 3 kila jioni: saa 72. Wiki ya kwanza kusoma mezani, ya pili na ya tatu miondoko, na mwanzo wa ya nne karatasi ziwekwe chini. Wiki hiyo ya nne ni mbaya kila mara, mchezo unaonekana umekufa, na waongozaji wageni huogopa wakarudisha karatasi. Usizirudishe. Mweke mtu mmoja na hati, amtajie mwigizaji maneno mawili tu anapokwama. Siku mbili za mwisho ni za taa, sauti na maleba, na fundi wa taa asilipwe kwa siku moja akaombwa mbili.

Maleba mengi hupatikana kwenye mitumba, na Kibuye siku ya Jumapili inatosha kuvalisha kijiji. Nunua shati mbili zinazofanana kwa kila mwigizaji anayetoka jasho jingi, maana onyesho la Jumapili halingoji shati ikauke.

Bango liwe na siku, tarehe, saa, mahali, bei na namba ya kulipia, kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye bodaboda inayopita. Saa iandikwe kwa maneno: "saa nane mchana". Ukiandika "saa 2", wengine wataelewa mchana, wengine usiku, na wengine asubuhi. Ramogi FM na Mulembe FM huwafikia wale ambao mabango hayawafikii, lakini mpe mtangazaji sentensi tatu zilizoandikwa kwa lugha ya kituo chake, usimwachie kutafsiri hewani. Mlangoni weka meza mbili, moja ya waliolipa kabla na moja ya wanaolipa sasa kwa M-Pesa. Mtandao hukwama watu 80 wakilipa kwa dakika kumi, kwa hiyo bei ya kununua kabla iwe chini kwa shilingi 50 ili foleni igawanyike. Subiri dakika 15 baada ya saa iliyoandikwa, kisha anza. Wanaochelewa waingizwe kati ya sehemu moja ya mchezo na nyingine, na mtu mwenye tochi iliyofunikwa kwa kitambaa chekundu.

Kubomoa kupangwe kabla ya kujenga. Kinachotangulia kutoka kwenye lori huko mwendako ndicho kinachoingia mwisho: mapazia meusi na taa ziwe mlangoni, kwa sababu ndizo zinazofungwa kwanza, fremu katikati zikiwa zimesimama na blanketi kati ya kila mbili, na viti na meza ndani kabisa. Bolti na nati zirudishwe kwenye mkebe mmoja wenye kifuniko na zihesabiwe. Fremu 10 zikisimama kwa mstari zina maungio 9, bolti 3 kila moja, jumla 27. Zikiwa 26, tafuteni kabla taa za ukumbi hazijazimwa. Mtu mmoja abaki na fagio na funguo, akague soketi, madirisha na choo pamoja na mtunza ukumbi, wote wawili watie sahihi kwenye daftari, na papo hapo aulize Jumapili zipi za Juni ijayo bado ziko wazi.